Kura, Kituo na Mjumbe: Maneno ya Siku ya Uchaguzi katika Nchi ya Igalula

Igalula ni mojawapo ya vituo vya Reli ya Kati, upande wa mashariki wa mji wa Tabora, katika Wilaya ya Uyui. Jina hilo ni pia jina la jimbo la uchaguzi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikapita karibu na njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji. Na kwa njia hiyo ya misafara Kiswahili kiliingia bara kabla ya reli, kabla ya shule na kabla ya serikali za kikoloni. Kwa hiyo mtu wa Igalula anaposimama mbele ya sanduku la kura, maneno anayoyatumia kueleza analolifanya si maneno mageni kwake. Mengi yamesafiri katika nchi yake muda mrefu, yakibadilisha mizigo njiani.

Makusudi ya makala haya ni kuyachunguza baadhi ya maneno hayo: yalikotoka, yalivyobadilika tangu uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika wa 1958, na jinsi muundo wa Kiswahili unavyomwezesha mpiga kura kusema, au pengine kutosema, ni nani aliyetenda na ni nani anayewajibika. Yaweza kudhaniwa kuwa jambo hili ni la wanasiasa. Lakini siku ya uchaguzi ni siku ambayo watu wengi sana hueleza kwa maneno yao wenyewe yaliyowapata na wanayoyatumaini, na mtaalamu wa lugha hana haki ya kupita kando ya siku kama hiyo.

1. Kura: bahati au hiari?

Neno kura limetokana na Kiarabu, qur'a, ambalo maana yake ni kitu kinachotumiwa kubahatisha ili kuamua jambo. Maana hiyo ndiyo iliyotangulia katika Kiswahili. Watu walipiga kura kugawana urithi, kugawana zamu au kumaliza ubishi ambao hapana mwamuzi aliyeweza kuumaliza. Wanaosoma kisa cha Nabii Yunus wanajua kuwa ni kura iliyoamua nani atupwe baharini. Na wanaosoma Matendo ya Mitume wanajua kuwa Mathiya aliingia katika nafasi ya Yuda kwa kura. Katika habari zote mbili jambo la msingi ni moja: binadamu anajitoa katika uamuzi na kumwachia Mungu. Ndiyo maana kura ya namna hiyo husemwa kuwa imemwangukia mtu. Kura ndiyo kiima, na mtu ni mtendwa.

Maana mpya imegeuza kabisa uhusiano huo. Mtu apigaye kura katika kituo cha Igalula hajitoi katika uamuzi. Anajitia ndani yake. Kura si tena kitu kinachomwangukia mtu, bali ni kitu cha mtu, chenye mwenyewe: kura yangu, kura yako. Hutolewa, huombwa, huhesabiwa, hununuliwa, huibiwa. Vitenzi hivi vyote ni vya mali. Kiarabu chenyewe kimepita njia hiyohiyo, kwani neno lake la leo kwa tendo la kupiga kura, iqtira', limetoka katika shina lilelile la qur'a. Wala jambo hili si la Waarabu na Waswahili tu. Katika Athens ya kale wenye vyeo wengi walipatikana kwa bahati nasibu, na Aristotle aliandika kuwa njia hiyo ndiyo ya utawala wa watu wengi, ilhali kuchagua kwa hiari ni desturi ya utawala wa wachache. Kwa hiyo neno linalobeba maana zote mbili pamoja si neno lililochanganyikiwa. Linahifadhi swali la zamani sana.

Kitenzi piga nacho kinafaa kuangaliwa. Katika Kiswahili piga hutumika kwa tendo la mara moja lenye mwanzo na mwisho dhahiri: kupiga hodi, kupiga mbizi, kupiga magoti, kupiga moyo konde. Hakidumu. Kwa hiyo kupiga kura ni tendo linalokwisha papo hapo. Na lile linalofuata, yaani miaka mitano ya kuwakilishwa, halimo ndani ya kitenzi. Jina la mtenda nalo ni mpiga kura, si mpigaji wa kura, kwa kufuata kanuni ileile ya mpiga ngoma na mvunja nchi, ambapo jina lililoishia kwa -a hushikamana na mtendwa wake na kuwa kama neno moja. Mtu haitwi mpiga peke yake; ni kura inayomkamilisha.

2. Kuchagua na kugombea

Uchaguzi ni neno la Kibantu, kutoka chagua, yaani kutwaa kimoja na kuacha kingine baada ya kupima. Mama achaguaye mbegu au mchele anafanya kazi ya jicho na mkono: anaona vyote viwili, anavilinganisha, ndipo anatenga. Hapana kuchagua pasipo vitu viwili. Sharti hili ni la maana ya neno kabla halijawa la sheria, na litarejewa mbele.

Mgombea limetoka katika gomba, shina lililozaa pia ugomvi na mgomvi. Kauli ya kutendea, gombea, ina maana ya kugomba kwa ajili ya kitu. Mgombea basi ni mtu anayeingia katika mashindano kwa sababu ya kitu kilicho mbele yake, na muundo wa neno unataka kitu hicho kitajwe: mgombea ubunge, mgombea urais, mgombea udiwani. Lugha imeweka mpaka mwembamba kati ya mgombea na mgomvi, ambao ni kauli hiyo moja ya kitenzi. Mgombea ana jambo analoliendea. Mgomvi hana ila ugomvi wake.

Unyamwezi ilikuwa na njia zake za kumpata mkubwa kabla ya maneno haya kufika. Mtawala aliitwa mtemi, neno ambalo wengi hulihusisha na kitenzi cha kutema, yaani kukata: kukata mashauri, au kukata msitu na kuanzisha makazi. Utemi ulikuwa wa ukoo, lakini mara nyingi wazee wa nchi walikuwa na neno katika kuamua ni yupi kati ya wenye haki atakayekalia kiti, na uaguzi ulitumika kuthibitisha. Kwa hiyo kuchagua na kubahatisha vilikutana humo pia. Katika misafara nako kulikuwa na kilongozi, au kirangozi kama wengine walivyotamka, aliyetangulia mbele ya wapagazi. Umbo hilo limehifadhi konsonanti iliyopotea katika kiongozi la Kiswahili cha leo. Wapagazi walikuwa na sauti katika kumkubali, kwani mtu asiyeijua njia hangefuatwa na watu wenye mzigo wa frasila mbili begani. Serikali za kitemi zilifutwa mwaka 1963, na misafara ilikoma zamani. Lakini kiongozi ni neno ambalo hapana mkutano wa kampeni unaokwisha bila ya kulitaja.

3. Kura tatu

Waafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, mwaka 1945, walikuwa machifu wawili walioteuliwa na Gavana, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Miaka 13 zaidi ilipita kabla ya uchaguzi wa kwanza. Kwa hiyo kwa muda mrefu kura, katika maana yake mpya, ilikuwa neno lililokaa katika vyama vya ushirika, vilabu na mikutano, likingojea nchi.

Lilipofika, lilifika na namba. Sheria ya uchaguzi wa 1958 iliamuru kila mpiga kura achague watu watatu kwa pamoja: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Na mpiga kura mwenyewe alitakiwa awe na umri wa miaka 21, tena awe na kipato cha paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au elimu ya miaka minane, au cheo fulani kilichotajwa. Mkulima wa kawaida wa Igalula wa siku zile hakuwa na hata moja la masharti hayo matatu. Siku ile ya uchaguzi haikuwa siku yake.

Ilikuwa Tabora, Januari 1958, ndipo mkutano mkuu wa TANU ulipokutana kuamua kama chama kiingie katika uchaguzi wa namna hiyo au kiukatae. Julius Nyerere, aliyesoma katika shule ya serikali ya mji huohuo kuanzia 1937, alishawishi wajumbe wakubali. Uamuzi ulipopita, Zuberi Mtemvu alijitenga na kuunda chama chake, African National Congress. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na TANU pamoja na watu iliowaunga mkono ikashinda.

Kilicho muhimu hapa ni jina ambalo Waswahili walilipa jambo hilo: kura tatu. Katika lugha ya sheria kulikuwa na maelezo marefu juu ya mataifa na uwakilishi. Katika lugha ya watu kulikuwa na jina na namba tu, na namba ile ilibeba malalamiko yote bila ya neno la lawama. Kura, ambayo kwa asili ni moja kwa mtu mmoja, imekuwa tatu. Na mbili kati ya hizo mpiga kura hakuziomba. Ni mfano mzuri wa jinsi lugha ya watu inavyoweza kutoa hukumu kwa kuhesabu.

4. Kupita bila kupingwa

Uchaguzi wa Agosti 1960 ulikuwa na viti 71. TANU ilipata 70, na katika viti 58 hapakuwa na mpinzani. Wengi wa wananchi, hata wale waliokwisha kuandikishwa, hawakupata nafasi ya kupiga kura, kwa sababu katika majimbo yao mambo yalikuwa yamekwisha kabla ya siku kufika.

Kwa hali hii Kiswahili cha siasa kina usemi wake: kupita bila kupingwa. Usemi huu wastahili kuangaliwa na kila mtu anayedhani kuwa maneno ya siasa hutungwa bila ya kufikiri. Mtu huyo hakuchaguliwa, amepita. Kitenzi chagua, ambacho kwa maana yake kinahitaji vitu viwili mbele ya macho, hakikukubali kutumika mahali palipo na kimoja. Likatafutwa neno la njiani. Mtu amepita kama msafiri apitavyo katika kijiji: watu wamemwona, hawakumzuia, wala hawakumwita. Katika sentensi hiyo wananchi hawamo kabisa, isipokuwa kama kivuli ndani ya kutendwa na kukanusha: bila kupingwa, yaani pasipo mtu wa kupinga.

Hali hiyo ya 1960 ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotolewa kwa mabadiliko yaliyofuata. Januari 1964 iliundwa Tume chini ya Rashidi Kawawa kutazama njia ya kuwa na demokrasia katika nchi ya chama kimoja. Kutokana na kazi yake, katika uchaguzi wa Septemba 1965 watu wawili wa TANU walisimamishwa kushindana katika kila jimbo lililokuwa na ushindani, ili wananchi wapate kitu cha kuchagua. Usemi wenyewe hata hivyo haukufa. Ulirudi kwa nguvu katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, vyama vikuu vya upinzani vilipojitoa na sehemu nyingi mno za nchi wagombea wakapita.

5. Jembe na nyumba

Mwaka 1965 kila mgombea alipewa alama, ama jembe ama nyumba, ili asiyejua kusoma naye apate kumtambua mtu wake. Kampeni ziliamriwa ziendeshwe kwa Kiswahili, na ilikatazwa kuwavuta watu kwa kabila, rangi au dini. Kwa mkaaji wa Unyamwezi agizo hili la lugha lilikuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja mgombea hakuweza kuwasemesha wazee kwa Kinyamwezi walichokinyonya. Kwa upande mwingine nchi ile ilikuwa imekizoea Kiswahili tangu siku za misafara, kwa hiyo agizo halikuwanyima watu mkutano kama lilivyoweza kufanya mahali ambapo Kiswahili kilikuwa kigeni.

Waliotunga alama walitaka ziwe ishara tupu. Wasikilizaji hawakukubali. Mwenye jembe alisema kuwa pasipo jembe hapana chakula, na hata nyumba haijengwi bila ya kuchimba. Mwenye nyumba alijibu kuwa jembe likitoka shambani hulazwa ndani ya nyumba, na mkulima hali kadhalika. Mabishano ya namna hii yakawa sehemu ya kampeni nchini kote, na waliouchunguza uchaguzi ule wameyaeleza. Lakini yafaa kuongeza kuwa katika Unyamwezi jembe halikuwa kamwe chombo kitupu. Katika karne ya 19 majembe ya chuma yaliyofuliwa katika nchi za magharibi na kaskazini yaliletwa kwa wingi katika soko la Tabora. Yalikuwa bidhaa, yalikuwa kipimo cha thamani, na yalilipwa mahari. Babu ya mpiga kura wa 1965 aliweza kuwa ameoa kwa majembe. Alama iliyodhaniwa kuwa haina uzito ilikuja mahali ambapo jembe lilikwisha kuwa na uzito wa fedha na wa ukoo.

Methali nayo ilikuwepo ikingoja: mchagua jembe si mkulima. Maana yake ni kuwa mtu wa kazi hachagui chombo. Hushika kilichopo akalima. Uchaguzi wa 1965 uliigeuza methali hii juu chini, kwa kuwataka wakulima wachague jembe au waliache, na kwa kuwaonyesha kuwa kuchagua ndiyo kazi yenyewe ya siku hiyo. Nao walichagua. Wabunge wengi waliokuwamo walishindwa, na kati ya mawaziri walioanguka alikuwemo Paul Bomani, mtu aliyejulikana sana katika nchi ya pamba. Kwa upande wa Rais mgombea alikuwa mmoja, na wananchi waliulizwa Ndiyo au Hapana. Hapana ilikuwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuchagua.

Leo, miaka mingi baada ya alama hizo kuondoka pamoja na chaguzi za chama kimoja, mgombea anayesifiwa huitwa jembe. Asemaye hivyo huenda hajui kuwa neno lake limewahi kuchapwa katika karatasi ya kura.

6. Aliyetumwa na aliyekaa

Mwakilishi wa watu ameitwa kwa majina mawili. La kwanza ni mjumbe: mjumbe wa Baraza, mjumbe wa Bunge. Mjumbe ni mtu aliyetumwa, na aliyetumwa ana aliyemtuma. Methali isemayo mjumbe hauawi humkinga kwa sababu maneno si yake; ni ya wenyewe walioko nyuma yake. La pili ni mbunge, lililoundwa kwa kutia kiambishi cha mtu katika jina la Bunge. Jina hili ni fupi, ni zuri kimsamiati, na limeshinda. Lakini halitaji kutumwa. Linamtaja mtu kwa nyumba anamokaa, wala si kwa watu waliompeleka humo. Mjumbe limebaki kwa viongozi wadogo walio karibu na watu, mathalani mjumbe wa nyumba kumi. Kadiri cheo kinavyopanda, ndivyo kutumwa kunavyopungua katika jina.

Diwani limesafiri zaidi. Katika pwani ya Mrima lilikuwa jina la wenye miji, cheo cha kurithi chenye siwa na heshima zake. Limefuata njia ya misafara hadi bara, na sasa ni jina la mtu anayechaguliwa na kata, na ambaye kila baada ya miaka mitano aweza kuondolewa. Jimbo nalo limepungua ukubwa na kuongezeka maana. Wakati wa ukoloni Jimbo la Magharibi lilikuwa eneo kubwa lenye makao yake Tabora. Sasa eneo la utawala huitwa mkoa, na jimbo ni eneo la uchaguzi, kama Jimbo la Igalula. Neno lililokuwa la mtawala limekuwa la mpiga kura.

7. Siku yenyewe

Siku ya uchaguzi ina msamiati wake unaojulikana na kila mtu mzima. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Kituo ni mahali pa kutua: kutoka kitenzi tua, alichokitumia mpagazi aliposhusha mzigo. Jina hilo likawa la mahali pa kupumzikia msafara, likawa la garimoshi, na sasa ni la kura. Watu hupanga foleni, neno lililotokana na amri ya askari wa Kiingereza ya kujipanga, ambalo limesahau jeshi. Kenya ilikuwa na neno lake, mlolongo, lililopata sifa mbaya mwaka 1988 wapiga kura walipotakiwa kusimama hadharani nyuma ya watu wanaowataka. Foleni ya Igalula si mlolongo: humpeleka mtu penye siri, katika kituturi, mahali alipokingwa asionekane. Huko huweka alama ya vema. Jina la alama hii halikosi maana. Vema ni sifa ya tendo lililotendwa kwa uzuri. Kwa hiyo mpiga kura hawezi kuweka alama ya kukataa. Huwakataa wengine kwa kumwambia mmoja: vema.

Kisha watu hutoka na wino kidoleni, nao husema. Wakieleza matumaini yao, Kiswahili huwapa vitenzi vitatu vinavyokaribiana lakini havilingani. Kutarajia ni kutazamia jambo mbele. Kutumaini lina asili ya Kiarabu yenye maana ya moyo kutulia. Mwenye tumaini amekwisha kupumzika kwa kiasi fulani. Kutegemea maana yake ya kwanza ni kuegemea, kama mtu aegemeavyo mti, na kwa sasa wengi hulitumia badala ya kutarajia. Wako wasahihishaji wanaolipinga matumizi hayo. Hata hivyo kuna ukweli ndani yake. Asemaye anategemea kupata maji anasema pia, kwa maana ya zamani, kuwa ameegemea ahadi. Na mti ukianguka, naye huanguka.

Katika nchi kama ya Igalula mambo yanayotajwa yanajulikana: maji, barabara, dawa katika zahanati, bei ya tumbaku. La kuangalia ni sentensi zinazoyabeba. Aghalabu huwa katika kauli ya kutendwa isiyo na mtenda: barabara itengenezwe, bei ipandishwe, maji yaletwe. Nani alete? Sentensi haisemi. Au huanza kwa kuomba: tunaomba tuletewe maji. Hapo kuna mgeuko mkubwa ambao haujatazamwa vya kutosha. Kwa wiki kadhaa kabla ya siku ile, ni mgombea anayeomba: anaomba kura, na wananchi ndio wapaji. Jua likitua siku ya uchaguzi, kitenzi kilekile hubadilisha kiima. Mpaji anakuwa mwombaji. Kama lugha ya mjumbe ingaliendelea kutawala, sentensi ingekuwa nyingine: tumemtuma akalete maji. Hiyo ni sentensi yenye mtenda, mtumwa na kazi. Tena yaweza kuulizwa baadaye kama kazi imefanyika. Sentensi ya kuomba haiulizwi. Aliyenyimwa huambiwa asubiri.

Kauli za vitenzi huonekana tena mambo yanapoharibika. Kura imeharibika ni kauli ya kutendeka: hali imetokea, hatajwi mtu. Ndiyo lugha ya hesabu za kituo, nayo inafaa pale penye kosa la alama. Kura imeibiwa ni kauli ya kutendwa: mwizi yupo, hata kama hatajwi. Mwaka 2010 liliingia kutoka katika vituo vya mafuta neno kuchakachua, lililokuwa la kuchanganya petroli na vitu visivyofaa, likawa la kuchanganya matokeo. Umaarufu wake wa ghafula waonyesha kuwa watu walikuwa wakilihitaji: jina la tendo lisilo la wizi mtupu wala la ajali, ambapo wingi wa kitu hubaki uleule lakini kitu si kile tena. Kabla yake lilikuwapo takrima, neno la ukarimu wa Kiarabu lililoingizwa katika sheria mwaka 2000 ili kuruhusu kuwakirimu wapiga kura. Mahakama Kuu iliyafuta masharti hayo mwaka 2006, na neno likarudi kwa wageni wa kawaida.

Tume ya Taifa ya Uchaguzi nayo imebadilishwa jina kwa sheria ya 2024, ikawa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Kivumishi hutumika palipo na haja ya kutofautisha; hapana asemaye maji majimaji. Kuongezwa kwa huru ni ushahidi wa lugha kuwa uhuru huo ulikuwa ukiulizwa, na swali halikufungwa kwa jina. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwemo katika karatasi ya kura, na kiongozi wake, Tundu Lissu, alikuwa gerezani. Siku hiyo na siku zilizofuata kulikuwa na maandamano katika miji kadhaa, watu wakauawa, na mawasiliano ya intaneti yakazimwa nchini. Matokeo rasmi yalimpa Rais aliyekuwa madarakani zaidi ya asilimia 97 ya kura.

Mtaalamu wa lugha hana mizani ya kupimia hesabu za kura, lakini ana mizani ya maneno. Kiswahili kilipokea kura ikiwa jina la bahati, kikaigeuza kuwa jina la hiari, na kazi hiyo ilichukua chini ya miaka mia moja. Mageuzi ya namna hiyo hayana kufuli. Pale ambapo mtu mmoja tu ndiye wa kuonwa, wagombea hupita. Kuchagua hubaki bila ya kazi. Na kura hurudi taratibu katika maana yake ya kwanza, ile ya jambo linalomwangukia mtu bila ya yeye kuliamua. Msamiati uko tayari kwa njia zote mbili. Neno mjumbe halijafa, bado linaishi katika kila kijiji cha Uyui, nalo lasema waziwazi kuwa kila aliyeko mbele amepelekwa na mtu. Siku watu watakapolirudisha kwa wakubwa kama walivyolihifadhi kwa wadogo, sentensi za matumaini katika foleni ya Igalula zitakuwa na mtenda.